Namba zangu nne hazifanani: nimekosea wapi maabara?

SWALI: Shikamoo Mama. Niko mwaka wa kwanza, nasomea ualimu wa sayansi. Shuleni kwetu maabara tuliingia muhula wa mwisho tu, mtihani wa Necta ukiwa mlangoni. Wiki iliyopita hapa chuoni tulifanya titresheni ya haidroksidi ya sodiamu kwa KHP, yaani tulidondosha haidroksidi kwenye ile asidi ya unga mpaka zimalizane. Nikapata mililita 25.80, 24.90, 25.00 na 24.40. Mwenzangu wa meza ya jirani akaniambia niandike 24.90 kote kama alivyofanya yeye, mambo yaishe. Nikakataa. Yeye kapata 8 kati ya 10, mimi 5. Nimekosea wapi? Na kwa mtu aliyetoka shule kama yangu, hii kozi ya maabara inapitwaje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya jambo la maana kunitumia picha ya daftari lako pamoja na swali. Wengi huniuliza maswali ya maabara bila kuonesha daftari, ni kama kwenda kwa daktari huku mwili umeuacha nyumbani.

Nimeikuza ile picha. Pembeni kabisa mwa ukurasa kuna namba nne ambazo kwenye swali lako hukuzitaja: 0.5213, 0.5034, 0.5060 na 0.4948. Hizo ni gramu za KHP ulizopima kwa kila flaski. Ungeziweka kando ya zile mililita zako, usingekuwa na haja ya kuniandikia.

Shuleni ulizoea hivi: unachota mililita 25 za besi kwa pipeti, unaziweka kwenye flaski, unadondosha asidi kutoka kwenye bureti, ule mrija mrefu wenye mistari na koki, mpaka rangi ya kiashiria, methili oranji, ibadilike. Kila mara kiasi kile kile cha besi, basi kila mara asidi ile ile, na majibu yasipofanana umeharibu mahali. Ukaingia chuoni na kanuni hiyo kichwani. Lakini wiki iliyopita hukuchota kwa pipeti. Ulipima unga kwenye mizani, kila flaski na gramu zake, na gramu zile hazikulingana. Sasa mililita zingelinganaje? Ni kama kusonga ugali: unga ukizidi, maji nayo yazidi. Anayekwambia sufuria tatu zenye unga tofauti zilikunywa maji sawasawa, huyo hajawasha moto.

Kinachotakiwa kufanana hapa ni ukolezi wa haidroksidi, yaani moli ngapi ziko kwenye lita moja, na moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali. Tuupige. Moli moja ya KHP ni gramu 204.22, na inamalizana na moli moja ya haidroksidi ya sodiamu, moja kwa moja. Flaski ya kwanza: 0.5213 gawanya kwa 204.22, unapata moli 0.002553. Gawanya kwa lita 0.02580. Jibu ni 0.0989. Nimefanya hivyo kwa flaski zote nne, na haya ndiyo majibu, moli kwa lita:

0.0989
0.0990
0.0991
0.0993

Yaangalie vizuri. Tofauti ya mkubwa na mdogo haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kwa mtu aliyeshika bureti kwa dhati kwa mara ya kwanza maishani, kazi hii ningeipokea kwa mikono miwili. Hata ile 24.40 iliyokunyima usingizi ilikuwa ndogo kwa sababu unga wake ulikuwa mdogo kuliko wote.

Sasa mwenzako. Pamoja na picha uliniandikia kuwa gramu zake zilikuwa 0.5102, 0.4877 na 0.5251, na kote akaandika 24.90. Ukizipiga unapata 0.1003, 0.0959 na 0.1033. Hapo tofauti ni zaidi ya asilimia 7. Alidhani ananyoosha namba, kumbe ndiyo amezipinda, na amezipinda kwa namna ambayo mtu yeyote mwenye kikokotoo na dakika mbili ataiona. Sahihisho lake lilimkuta mwalimu msaidizi mwenye daftari mia za kumaliza usiku mmoja, akatazama safu ya mililita, akaona zimefanana, akaweka alama. Hutokea. Nenda kwa mwalimu huyo saa zake za ofisi ukiwa na daftari lako, mwombe mpige hesabu ya flaski moja moja pamoja. Kuhusu mwenzako usiseme neno, hukwenda kumshitaki mtu.

Hata hivyo, zile alama tano zilizokatwa si zote za kudai. Ripoti yako nimeisoma. Ulichukua wastani wa gramu, ukachukua wastani wa mililita, kisha ukapiga hesabu moja. Hapo ulizika ushahidi wako mwenyewe: ukolezi ulitakiwa upigwe kwa kila flaski, wastani uje mwishoni. Pili, jibu lako lina tarakimu tisa baada ya nukta, kama kikokotoo kilivyolitema. Mizani yako ilikupa tarakimu nne za maana, bureti ikakupa nne, hizo nyingine umezitoa wapi? Tatu, chini ya kichwa cha vyanzo vya makosa umeandika "makosa ya kibinadamu". Mwanangu, sentensi hiyo ifute kichwani. Haisemi chochote. Sema kilichotokea: rangi ilipita kwenye flaski ya kwanza, au kulikuwa na kiputo kwenye ncha ya bureti, au chembe za unga zilibaki kwenye karatasi. Usipokumbuka kilichotokea, maana yake hukukiandika kilipotokea, na hilo ni tatizo la daftari.

Nikae kidogo hapo, kwa sababu kwenye jambo hili nimeona mengi. Nimefanya kazi kwenye maabara za kemia za vyuo miaka 26, mwanzo fundi sanifu, baadaye msimamizi. Mimi ndiye niliyekuwa nachanganya hizo kemikali mnazokuta mezani zimeshawekwa lebo. Mwaka mmoja, msimu wa mvua hapa Dar es Salaam, kopo la haidroksidi ya sodiamu lilikaa mfuniko wazi usiku kucha. Ile kitu inakunywa maji kutoka hewani kama sifongo, na hewa ukaa inaila taratibu. Ukiziacha punje zake mezani kwa dakika chache kwenye joto letu la pwani, zinaanza kung'aa na kulowa mbele ya macho yako. Asubuhi nilipima gramu zangu kama kawaida bila kujua sehemu ya uzito ule ni maji, nikachanganya, nikabandika lebo: 0.1. Darasa likaingia, wanafunzi zaidi ya 80. Bureti zilikuwa na asidi ya haidrokloriki ya 0.1 iliyo sahihi, na kila mtu alichota mililita 25 za haidroksidi yangu.

Hesabu ya karatasi inasema asidi itaishia mililita 25. Jioni nikapitia matokeo: 25.00, 24.90, 25.10, 25.00, safari nzima. Meza moja tu, ya mabinti wawili waliokuwa wanaogopa hata kuwasha jiko la gesi, waliandika 22.60, 22.60, 22.50, na chini wakaweka maneno: "Tumerudia mara tano, tunaomba radhi." Nikarudi maabara usiku ule, nikapima haidroksidi yangu upya kwa asidi yenyewe. Ilikuwa 0.09 na ushei. Waliokuwa sahihi ni wale wawili walioomba radhi. Wengine wote walikuwa wameandika lebo yangu, na lebo yangu ilikuwa ya uongo.

Tangu hapo kila mtu akiniambia "Mama, nimepata jibu lenyewe", namuuliza: lenyewe la nani?

Sisemi hivi kama mtakatifu. Nilipokuwa mwanafunzi nami nimechakachua, tena kwa ustadi, nikibadilisha desimali ya pili ili zisifanane mno. Shuleni tulifundishwa hivyo bila kuambiwa. Mtihani una jibu moja, jibu liko kwenye karatasi ya mwalimu, na kila namba unayoandika unaisogeza ielekee huko. Kozi ya maabara ya chuo inaanza kwa kukuvua tabia hiyo, na ndiyo maana waliotoka shule zenye maabara za kuvutia nao huteseka sawa na wewe, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa wao kuchakachua wamekubobea. Wewe umeshavuka sehemu ngumu siku ile ulipokataa.

Haya, tuje kwenye mikono. Nimeona jambo kwenye namba zako: bureti yako kila mara inaanza 0.00, na kila mwisho desimali ya pili ni sifuri. Bahati haifululizi hivyo. Ina maana unasoma mstari ulio karibu na kuandika huo. Bureti ya mililita 50 ina mistari ya 0.1, lakini katikati ya mistari miwili jicho lako linaweza kugawa. Shusha kichwa mpaka macho yalingane na maji, shika kipande cha karatasi nyeupe chenye mstari mweusi nyuma ya kioo, mstari ukiwa chini kidogo ya ule mbonyeo wa uso wa maji, kisha ujiulize: sehemu ya chini ya mbonyeo iko nusu kati ya 24.8 na 24.9, au imekaribia 24.9? Andika 24.85 au 24.88. Mara ya kwanza utaona kama unabahatisha. Baada ya wiki tatu mkono wako na wa mwenzako mtakuwa mnatofautiana 0.02 tu.

Na hiyo 0.00 iache. Wanafunzi hupoteza dakika kumi wakiongeza na kupunguza ili waanze sifuri kamili, wakati kuanza 0.37 hakuna dhambi, mradi umeiandika. Muhimu ni ncha ya chini: fungulia kidogo mpaka kiputo cha hewa chini ya koki kitoke, kwa sababu kikitoka katikati ya kazi kitahesabiwa kama kimiminika. Ondoa faneli juu ya bureti kabla ya kusoma mwanzo. Faneli iliyosahaulika inadondosha matone ya siri, usomaji wa mwisho unakuja mdogo, na hutajua kwa nini.

Kusuuza nako kunawachanganya watu. Bureti isuuze kwa kile kitakachokaa ndani yake, kwa kuwa maji yaliyobaki yatakizimua. Pipeti vilevile. Flaski, kinyume chake, isuuze kwa maji yaliyokenekwa tu na usijali ikibaki na unyevu: maji hayaongezi moli wala kuzipunguza, ila ukiisuuza kwa kemikali umeongeza moli usizozipima. Ukielewa sababu hutahitaji kukariri.

Mwisho wa titresheni kwa kiashiria cha fenolthalini ni pale unapopata waridi hafifu sana, kama maji yaliyosuuzia glasi ya juisi ya rosela, na ikae nusu dakika ukitikisa. Ikipotea baada ya hapo usiongeze. Hewa ukaa imeingia, kazi yako ilikwisha. Flaski ikikolea rangi kama ya juisi yenyewe, umepita. Tone moja la bureti ni takribani mililita 0.05, kwa hiyo ukikaribia, shika tone likiwa linaning'inia bado halijakamilika, liguse kwenye ukuta wa flaski, lishushe kwa maji ya chupa ya kubonyeza. Flaski ya kwanza itumie kujifunzia: iendee haraka, ujue mwisho uko maeneo gani. Kwa KHP unaweza kukisia kabla hata hujafungua koki. Gramu 0.51 na haidroksidi ya karibu 0.1 ni mililita kama 25. Fungulia kwa kasi mpaka 22, halafu ndipo upole uanze.

Chumba cha mizani kina adabu zake. Mizani ya desimali nne inasikia hadi pumzi. Funga vijilango vyake vya kioo. Kama pangaboi linazunguka juu na tarakimu ya mwisho inacheza, omba lizimwe, usichague namba unayoipenda kati ya zile zinazopita. Kitu cha moto kisiguse sahani ya mizani, hewa inayopanda juu yake itakifanya kionekane chepesi. KHP yenu ilikaushwa kwenye oveni, na ipoe kwenye desiketa, chombo kilichozibwa chenye kikaushi ndani, si juu ya meza. Kisha pima kwa tofauti: chupa na unga wake, mimina, pima tena chupa. Chembe zilizonasa kwenye chupa hazitakudhuru, kwa kuwa hukuzihesabu.

Usiku wa kuamkia maabara fanya jambo moja hata kama umechoka. Soma maelekezo, kisha funga kitabu na uyaandike upya kwenye daftari kwa maneno yako, kwa Kiswahili kama kinakujia haraka zaidi, na chora majedwali yakiwa matupu. Utajua mapema kwamba safu ya gramu na safu ya mililita zinatakiwa kukaa bega kwa bega. Jedwali ulilochora asubuhi ile kwa haraka, gramu ukazitupa pembeni, ndilo lililokufanya usione kuwa ulikuwa sahihi.

Andika kwa kalamu ya wino. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke bado, andika sahihi pembeni na sababu. Usitumie karatasi ya pembeni ukidhani utanakili vizuri jioni. Karatasi hizo nimeziokota sana sakafuni wakati wa kufagia, zikiwa na kazi ya watu ya saa tatu.

Usalama nitausema kwa ufupi kwa kuwa mmeshaimbiwa siku ya kwanza, ila kuna mambo huwa hayasemwi. Watu wanaiogopa asidi na kuidharau besi. Kwenye jicho, haidroksidi ya sodiamu ni mbaya zaidi, maana inaendelea kupenya. Ule utelezi unaousikia vidoleni ni mafuta ya ngozi yako yakigeuka sabuni. Miwani ivae hata unapoandika, kwa sababu anayemwaga mara nyingi ni jirani. Ikiingia jichoni, maji ya bomba dakika 15 bila kupumzika, kwanza maji, ndipo mkimbie zahanati. Asidi kali imimine ndani ya maji, maji usiyamimine ndani yake. Chupa ya moto na ya baridi zinafanana, kwa hiyo kioo kilichotoka motoni karibia kwa mgongo wa mkono. Ndala ziache bwenini. Mabinti wa hijabu wazichomeke ncha ndani ya koti, na kitambaa cha pamba ni bora kuliko hivi vya nailoni vinavyoyeyukia mwilini. Pipeti vuta kwa mpira wake. Sisi wa zamani tulivuta kwa mdomo, na ladha ya haidroksidi bado naikumbuka.

Kuhusu shule yako: usiibebe kama kilema. Ulimwenguni kote mtindo wa mwanafunzi kufundishwa kemia kwa kusimama mezani mwenyewe haujazeeka sana. Mjerumani Justus von Liebig alipoanza kufundisha chuo cha Giessen mwaka 1824, akiwa na miaka 21, maabara yake ilipata sifa Ulaya nzima hasa kwa sababu wanafunzi waliruhusiwa kufanya, si kutazama. Utakachokosa wewe ni uzoefu wa vyombo, na huo unapatikana: omba fundi sanifu wa maabara yenu akuruhusu nusu saa ya ziada na bureti yenye maji matupu. Dondosha, soma, andika, rudia. Wengi wetu hatukatai, ila hakuna anayetuomba.

Wiki ijayo, kwa utaratibu wa kozi hizi, mtatumia haidroksidi hiyo hiyo kupimia siki. Siki ya dukani ina asidi kama asilimia 5, ni nzito mno kwa haidroksidi yenu, kwa hiyo mtaizimua mara kumi kwanza, na hapo ndipo pipeti yako ya shuleni itarudi kazini na mililita zitatakiwa kufanana. Chupa yako iliyobaki izibe kwa kizibo cha mpira, si cha kioo, maana cha kioo kitaganda na utalazimika kuivunja. Lebo iliyopo inasema 0.1. Ifute, uandike 0.0991, tarehe na jina lako.